Maharage Yanayoona Haya

1

"Usichume kama mwizi," mama alisema. "Chuma kama mtu anayetaka mboga."

Gwakisa alijaribu. Shida ni kwamba hajawahi kumwona mtu anayetaka mboga akichuma alfajiri, jua halijatoka, huku akigeuka nyuma kila baada ya jani. Watu wenye hamu ya mboga huwa na wimbo. Yeye alikuwa na kikapu na koti la mvua.

Jani aliloshika lilikuwa jekundu kama juisi ya rosela, kuanzia mshipa wa katikati hadi ukingoni, na lilikuwa limejikunja kwenda chini. Yote yalikuwa hivyo, mstari mzima. Yameinamisha nyuso kama wanafunzi walioulizwa nani kavunja dirisha.

Ndivyo yalivyoundwa. Enzi za bibi yake, chule, ugonjwa wa kuvu wa maharage, ilikuwa ikiingia shambani kimyakimya. Ukija kushtuka maganda yana vidonda vyeusi na wa kulaumiwa ni mvua. Ndipo wataalamu wa mbegu wakayapa maharage namna ya kusema. Kuvu ikiligusa haragwe, jani linakuwa jekundu, linainama, na linatoa harufu. Kwa pua ya mtu ni kama tango lililokatwa sasa hivi. Kwa maharage ya jirani ni king'ora. Yakiisikia yanakaza ngozi na kujaza uchungu kwenye mashina, na ugonjwa ukifika unakuta mlango umekomewa. Yaani shamba la kwanza linaugua kwa niaba ya mlima mzima.

Utadhani basi mlima ungeliita shamba hilo shujaa. Wapi. Uliliita shamba la wachafu. Wataalamu walileta rangi tu. Aibu tuliongeza wenyewe, kama chumvi. Kamati ya Mlima ikaweka sheria: nyumba ya kwanza kuwa nyekundu inang'olewa maharage yake, mbegu zake za ghalani zinachomwa hadharani, na haishiki tena kapu la mlima, lile ambalo kila nyumba humimina mbegu zake na kuchota mchanganyiko wa wote.

"Hili hapa umeliacha," mama alisema.

"Ni kijani, mama."

"Lina wekundu kwa chini. Macho yako yanalipwa na Kamati kwa kazi gani?"

Hapo ndipo palipouma, maana macho ya Gwakisa kweli yalikuwa mali ya Kamati. Yeye ndiye mlinzi wa rangi. Zamani zilijaribiwa ndege za kupiga picha, lakini ukungu wa Rungwe ulizimeza. Moja ilikutwa kwenye mgomba wa mtu, ndege wa kweli wameshataga ndani. Ikaonekana bora mtu. Kila asubuhi saa moja Gwakisa alipanda kwenye jiwe, akatazama mashamba yote ya upande wake, akasema rangi kwenye redio ya mkononi, na kisanduku kilichotundikwa katika kila jiko, huku na ng'ambo ya bonde, kikamtangaza.

Jumatano aliona shamba la kwao limekuwa jekundu. Akasema kijani. Neno lilitoka laini, kama limetiwa mafuta. Tangu siku hiyo mama na mwana walichuma kila alfajiri, na majani yakaenda chunguni, kwa sababu majani ya maharage ni mboga na hakuna anayemshangaa mtu mwenye mboga. Jani likichumwa harufu nayo inakatika. Hawakulizungumza hilo.

"Ni mpaka wageni wapite," mama alisema, kama aliyeulizwa. "Dada yako, wakwe walimrudisha kutoka mlangoni kwa jani moja jekundu. Moja, Gwakisa. Na wekundu wake ulikuwa wa jua la kiangazi tu."

2

Mlinzi wa ng'ambo aliitwa Sekela. Mapenzi yao yalianza kwenye taarifa ya hali ya maharage, jambo ambalo wenyewe walishindwa kulieleza mbele za watu bila kucheka. Miaka miwili ya "kijani huku" na "kijani hapa", mpaka siku moja binti akasema hewani, milima miwili ikisikia, "Kijani, na mlinzi wa huko avae sweta, namsikia anakohoa." Wamama walipasua vyungu kwa kicheko. Sasa Jumamosi ya wiki hiyo watu wa kwao Sekela wangekuja kuiona nyumba ya mchumba wake.

"Ng'ambo kijani," sauti ya Sekela ilisema Ijumaa ile. "Na huko, mlinzi?"

Gwakisa akatazama chini. Ukungu ulikuwa unapanda polepole kama pazia la ukumbi wa shule, na ulipoinuka ukaonyesha shamba lililo chini kabisa ya la kwao. Lilikuwa jekundu lote. Halikuchumwa hata jani. Lilikaa pale wazi, kama mtu aliyesimama kanisani kuungama.

"Kijani," alisema. "Isipokuwa shamba moja."

"La nani?" Sheria ilitaka jina.

"Mama Tuntufye."

Akasikia jina lile likitoka kwenye visanduku vya majiko ya karibu, nyuma kidogo ya mdomo wake, kama watu wanamfuatisha. Kisha mlango mmoja ukafungwa. Na mwingine.

Mama Tuntufye alimkuta bado hajashuka jiweni. Alikuwa mama wa makamo mwenye ulimi mkali, aliyembatiza Gwakisa jina la Mkwe wa Redio na kulisambaza mlima mzima. Siku hiyo hakuwa na jina la kumwita.

"Nimeosha jembe, baba," alisema. "Nimeliosha mpaka kwa majivu. Sikuingia shambani umande haujakauka. Mwanangu nimemzuia hata kupita. Nimekosea wapi?"

"Sijui, mama."

"Chule haipandi mlima. Inashuka na maji ya mvua. Sasa nimejiuliza, juu yangu ni nani?" Akageuka akatazama shamba la akina Gwakisa, mistari yake mitupu ya kijani, miembamba kama kuku aliyenyonyolewa. "Juu yangu ni nyinyi. Na nyinyi ni kijani, umesema wewe mwenyewe, na wewe ndiye macho yetu. Basi ni mimi tu. Kuna mahali nimekosea."

Angemtukana ingekuwa nafuu.

"Jumapili wanachoma," aliendelea. "Maharage ya shambani wachome, yamekwisha. Naililia mbegu. Yapo mle yale madogo meusi ya mama yangu. Najua mnayacheka, mchuzi wake kama oili chafu. Lakini mwaka ule wa mvua kubwa, kapu la mlima lilipooza, ni hayo tu yaliyosimama. Hayaoni haya hayo, ni ya zamani, hayajaundwa. Yanaugua kidogo, yanajikung'uta, yanazaa." Akashusha sauti. "Nifichie kiganja kimoja, baba. Kwenye soksi. Nani atakagua soksi ya mlinzi?"

Kilikuwa kiganja kimoja tu. Hata soksi alikuwa amevaa. Lakini mtu akishaficha kubwa huogopa dogo. Alijiona akikaguliwa, akiulizwa, uzi mmoja ukivutwa na sweta zima likafumuka.

"Sheria, mama," Gwakisa alisema.

Mama Tuntufye akainama kidogo, kama anayeomba radhi kanisani kwa kukanyaga mguu wa mtu.

"Ni kweli. Nisamehe kwa kukutia majaribuni."

Akashuka. Gwakisa akabaki juu ya jiwe na sheria yake.

3

Kuna desturi ambayo haikuwepo enzi za mabibi. Wakwe wakija mara ya kwanza lazima wapewe mboga ya majani ya maharage kutoka shamba la nyumba ile ile, yachumwe huku wanaona. Ni njia ya adabu ya kukagua. Hakuna mkwe anayeweza kusema "nionyesheni shamba lenu", lakini kila mkwe anaweza kusema "naona njaa".

Mama alikuwa ameiachia majani mistari miwili ya mbele, ile ya kijani. Usiku mvua ikanyesha, na Jumamosi asubuhi mistari miwili ya mbele ikaona haya.

"Nilijua," alisema. Hakulia. Alikwenda kabatini akachukua jiwe la magadi.

Hii aliigundua kwenye sufuria zile za siku zilizopita. Rangi ya majani yale wataalamu waliiazima kwenye rosela, na rosela ina tabia ya kinyonga: kwenye ukali kama wa ndimu ni nyekundu, kwenye magadi inakuwa kijani cha giza. Mama hakuyajua hayo kwa majina. Aliona tu mchuzi ukigeuka alipolainishia mboga, akasimama na mwiko mkononi, akasema, "Kumbe." Wageni walipofika aliyachuma mbele yao haraka haraka, mgongo ukiwaziba, akaongea sana.

Walikuja wawili: Shangazi Bupe, mwembamba, mwenye miwani ya kamba, na Asajile, kaka yake Sekela, kijana wa kilo nyingi na maswali machache. Kwa upande wa Gwakisa alikuwepo Baba Mdogo Mwakalobo, ambaye ndiye pia mwenyekiti wa Kamati ya Mlima na ambaye akishika neno halirudishi mpaka limechakaa.

"Nyumba hii," alisema Baba Mdogo, "haijawahi. Narudia, haijawahi. Uliza rangi yoyote."

"Tumemsikia mlinzi kila asubuhi," Shangazi alisema. "Hatuna swali."

Ndizi zikaja, kuku akaja, na katikati ya meza bakuli la mboga, kijani cha giza, linang'aa kwa karanga. Asajile akapakua mara mbili. Baba Mdogo akapakua mara mbili kumwonyesha Asajile kwamba nyumba haiogopi mboga yake. Shangazi Bupe akatia tonge moja mdomoni, akatafuna taratibu, akasita. Akamtazama mama. Kisha akameza, akaendelea kula kwa heshima kama kawaida. Gwakisa alikula kwa sababu kutokula kungekuwa kusema.

Mama akainuka kwenda nje. Aliporudi alikuwa na kibuyu cha maziwa mgando, na Gwakisa akaona uso wake umejaa furaha ya mtu aliyemaliza mtihani. Hapo tu ndipo akili yake ilipomwamsha. Mgando. Mgando ni mkali. Akanyoosha mkono, lakini mkono haukuwa na la kusema, ukarudi.

Katika nchi ile mlo haufungwi bila mgando. Asajile akagida kikombe kizima, Baba Mdogo akagida chake, Gwakisa naye akapewa cha kwake mbele ya macho yote akanywa.

"Wewe, Shangazi?" mama alisema.

"Nashukuru, mama. Nimeshiba."

Mtu anaweza kushiba ndizi, anaweza kushiba kuku. Hajazaliwa Rungwe mtu aliyeshiba mgando.

Asajile akafungua mdomo kumtania shangazi yake, na kila mtu akauona ulimi. Ulikuwa mwekundu kama umepakwa wino wa mwalimu. Meno yalikuwa mekundu. Povu la mgando pembeni mwa mdomo lilikuwa la waridi.

"Shangazi naye, mgando unaukataa tangu lini?" alisema, akacheka. Halafu akaona anacheka peke yake. Akamtazama Baba Mdogo, ambaye alikuwa ameacha mdomo wazi, na akauona na ulimi wake.

Mama akavuta upande wa kanga akajifunika uso. Hakutoka, hakukaa, alisimama tu pale na kibuyu kifuani, bila uso.

Gwakisa alingoja kelele. Alizitaka hata. Lakini Shangazi Bupe alifuta vidole vyake kimoja kimoja, akasema kwa sauti ya mtu anayefundisha upishi:

"Magadi mmezidisha. Sisi kwetu tunatia nusu."

Ilichukua muda kuingia. Asajile ndiye aliyeelewa mwisho, na alipoelewa akaangalia sahani yake kama inamdai.

"Tangu lini?" Gwakisa aliuliza.

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

Jumatatu. Kabla ya Jumatano. Upepo wa asubuhi hutoka ng'ambo kuja huku. Kama majani ya ng'ambo yangeachwa yaseme, maharage ya mama yangesikia yakajifunga, na ya Mama Tuntufye yangesikia yakajifunga. Na kila asubuhi sauti ile aliyoipenda ilisema kijani. Hakujua amkasirikie vipi. Kila tusi alilolitafuta alilikuta limeshavaliwa na yeye.

"Sekela mwanzoni alikataa kudanganya," Shangazi alisema. "Nilimwambia, unataka uolewe au unataka useme?" Akasimama, akajifunga vizuri kanga. "Basi harusi ipo palepale. Hatujaona kitu, hamjaona kitu. Moto wa kesho ni wa mtu mwingine. Si ndiyo, mwenyekiti?"

Baba Mdogo Mwakalobo, mtu wa maneno, aliitikia kwa kichwa.

4

Ndiyo ilikuwa shida ya Jumapili ile: kunyamaza kulikuwa hakumgharimu chochote. Mke yupo, nyumba ni safi, kinachotakiwa ni neno moja alilokwisha kulizoea. Na yule wa kulipia hakuwa na kinyongo hata kidogo. Alikuwa ameshaomba radhi.

Toka jiweni aliziona kuni zimepangwa uani kwa Mama Tuntufye. Watu walikuwa wamefika, wengine na nguo za kanisani, ili waunganishe kwenda ibadani. Mama Tuntufye mwenyewe alikuwa amevaa gauni lake la Krismasi. Akaingia ndani, akatoka na kapu la mbegu kichwani, hakuna aliyemsaidia kulitua. Baba Mdogo alikuwa akiongoza shughuli kwa mikono: kuni huku, watu kule. Mdomo alikuwa ameufunga kabisa. Rangi ile haitoki kwa mswaki. Gwakisa alijua, alishasugua mpaka damu, na damu na rangi zikashindwa kutofautishwa.

Alfajiri mama alimuuliza kitu kimoja tu. "Leo utasema nini?" Naye akajibu, "Rangi." Mama akamkabidhi sweta.

Saa moja.

"Ng'ambo kijani," Sekela alisema. Sauti ilikuwa kavu, kama ya mtu anayesoma tangazo la msiba. "Na huko, mlinzi?"

Alikuwa ameandaa mzaha wa kuanzia. Alikuwa na mzaha wa kila kitu, tangu kidato cha kwanza alikuwa akiponea hapo. Ukamkimbia.

"Nyekundu."

"La nani?"

"Letu. Shamba la Tumpe Mwakalobo, mama yangu." Visanduku vya majikoni vikalirudia nyuma yake, kimoja baada ya kingine mpaka bondeni, mama yangu, mama yangu. "La kwanza ni letu, tangu Jumatano. Tulichuma tukala. Wa chini yetu hakukosea kitu. Nilimtaja nikijua."

Kanuni inasema nyekundu lazima irudiwe ili kusiwe na makosa.

"Rudia, mlinzi," Sekela alisema, taratibu sana.

Akarudia. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, maana mara ya kwanza mtu husukumwa na woga, ya pili anakwenda kwa miguu yake.

Chini uani Baba Mdogo alisimama kama nguzo ya simu. Kisha, kwa kuwa sheria ni sheria na kuni zilikuwa tayari, alionyesha kwa mkono: juu. Watu wakainama wakachukua kuni, mmoja mmoja, wakaanza kupanda kuelekea kwa akina Gwakisa. Yeye akashuka kuwalaki. Hawakumtazama. Mama alikuwa ameshatoka nje, amesimama katikati ya mistari mitupu, hana kikapu, uso wazi.

Wa mwisho kupanda alikuwa Mama Tuntufye, na kapu lake kichwani kwa sababu hakumwamini mtu kuliacha. Akasimama mbele ya Gwakisa.

"Soksi umevaa leo?" aliuliza.

"Nimevaa, mama."

"Zivue, upate baridi. Ujue miguu ya mtu aliyekataliwa inavyokuwa." Akampita. Halafu bila kugeuka: "Na hizo kuni ni zangu. Nitazitaka."

Gwakisa akavua viatu, akavua soksi, akatembea. Matope yalikuwa baridi kweli.

Walikuwa wamefika kwenye uzio wakati kisanduku cha jikoni kwao kilipokohoa. Dirisha lilikuwa wazi, kila mtu alisikia.

"Ng'ambo," Sekela alisema, akakata. Akaanza tena. "Ng'ambo ni nyekundu. Shamba letu. Kabla ya huko. Nimesema kijani kila siku nikijua." Pumzi. "Narudia kabla sijaulizwa. Ng'ambo ni nyekundu. Na kutoka hapa nilipo naona watu mashambani na vikapu, huku na huko kwenu, Jumapili asubuhi. Siwataji. Mnajijua."

Gwakisa akageuka, kama wote walivyogeuka. Ukungu ulikuwa umeinuka. Juu ya mlima wao, na ng'ambo, kwenye vipande vya mashamba kila upande, watu walikuwa wamesimama wima kati ya mistari na vikapu vya mboga mikononi, wamegandishwa na sauti. Kwenye msafara wenyewe mwanamke mmoja aliyebeba gogo akalishusha kidogo kidogo, kama asionekane. Mwanamume wa nyuma yake akafanya hivyo hivyo. Sheria ilisema nyumba ya kwanza, na sasa hakuna aliyejua ya kwanza ni ipi, wala hakuna aliyetaka ichunguzwe.

Wote wakamgeukia mwenyekiti. Baba Mdogo Mwakalobo alivumilia kadiri alivyoweza. Mwishowe hapakuwa na ishara ya mkono inayotosha, ikabidi afungue mdomo.

"Sasa hizi kuni," alisema, na ulimi wake mwekundu ukaonekana na watu wote, hata waliokuwa nyuma, "tuzipeleke wapi?"

Vichwa vilianza kuinama, cha mmoja, cha jirani yake, mstari mzima mpaka chini, na kwenye mashamba vikapu vikawekwa ardhini. Upepo wa asubuhi ukavuka bonde, ukaleta kwa mbali harufu ya tango lililokatwa.

Mama Tuntufye peke yake ndiye aliyekuwa na kichwa juu, kwa sababu ya kapu.

"Zitueni jikoni kwangu," alisema. "Zinalowa."